Swali la Mwanafunzi wa Magamba

Mara nyingi baada ya Misa ya Jumapili tunaulizwa ni shule gani itakayomwezesha mtoto kuwa mtaalamu wa kutambulikana hata Ulaya na Marekani. Wengi hudhani jibu liko katika mashine kubwa. Kumbe nchi yetu haikukosa mashine kubwa: mwaka 1959, katika Chuo Kikuu cha Lovanium, uliwashwa mtambo wa nguvu za atomi uliokuwa wa kwanza katika Afrika yote. Sisi leo tunapenda kuwasimulia habari ya kitu kidogo zaidi, yaani maziwa na sukari.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, katika milima ya Usambara huko Tanganyika. Wavulana wa shule hiyo walizoea kutengeneza aiskrimu. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia katika friji. Nafasi ndani ya friji ilikuwa haba. Siku moja mwenzake mmoja, kwa kuogopa kuikosa nafasi hiyo, alitia maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba naye akaona akingoja yapoe atachelewa, basi akayatia yakingali moto. Baada ya saa moja na nusu walirudi kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda; ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Mtoto mwingine angaliila aiskrimu yake na kunyamaza. Mpemba alikwenda kumwuliza mwalimu, akajibiwa kwamba jambo hilo haliwezekani, bila shaka amechanganyikiwa. Wakati huo akalikubali jibu. Baadaye lakini rafiki yake mmoja, aliyeuza aiskrimu mjini Tanga, alimwambia kuwa yeye hutumia maziwa ya moto makusudi, kwa maana huganda upesi. Ndivyo tunavyoona kwamba mchuuzi wa mjini alikuwa akilitumia kila siku jambo ambalo darasani lilikanushwa.

Mpemba alipopanda darasa na kuhamia shule ya Mkwawa, mjini Iringa, aliuliza tena. Safari hii mwalimu alimjibu kwa dhihaka, akisema hiyo ni fizika ya Mpemba, si ya ulimwengu mzima. Toka siku hiyo kila alipokosea hesabu wenziwe walimcheka kwa maneno ya namna hiyo hiyo. Hakukata tamaa. Siku moja alikuta chumba cha majaribio kiko wazi, hakuna mtu; akatwaa vyombo viwili vidogo, akajaza kimoja maji ya bomba na kingine maji yaliyochemka, akavitia katika friji. Saa moja ilipopita, barafu ilikuwa nyingi zaidi katika chombo cha maji ya moto.

Kisha akafika shuleni mgeni, Dr Denis Osborne, mwalimu wa fizika katika chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama mbele ya wote, akauliza. Wanafunzi wakacheka. Mgeni hakuamini alichosikia, lakini alimwahidi kwamba atajaribu. Aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wake apime. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto yameganda kwanza kweli, ila asiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sahihi! Basi, hata fundi mpimaji aliyaamini mazoea yake kuliko macho yake.

Mwaka 1969 maelezo ya jambo hili yalichapwa Uingereza katika jarida la walimu wa fizika, na jina la Mpemba likatangulia la Dr Osborne. Tangu hapo, wataalamu wa mabara yote huliita jambo hilo kwa jina la mwanafunzi huyu. Ubishi haujaisha. Wengine husema maji ya moto hupungua kwa mvuke, wengine hutaja mizunguko ya maji ndani ya chombo, na mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza walipima tena, wasione ushahidi wa kuwaridhisha. Hilo halimshushi Mpemba hata kidogo. Swali lililoulizwa na mwanafunzi lingali likiwashughulisha wenye mitambo ya thamani.

Wako wazazi wanaoogopa kwamba mtoto mwenye kuuliza sana ataipoteza imani. Tuwakumbushe Padri Georges Lemaître, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Louvain, aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka. Aliuliza maswali makubwa kuliko yetu sote, akafa padri.

Lakini haifai kuwalaumu wengine tu. Sisi wenyewe, mwaka uliopita, tuliulizwa na mvulana mmoja wa darasa letu kwa nini maji ya mtungi wa udongo ni baridi kuliko maji ya ndoo ya bati, ijapokuwa vyote viwili hukaa katika kivuli kimoja. Tulikuwa na haraka ya kumaliza somo. Tulimjibu kwamba hilo halimo katika mtihani. Jibu tulilijua: maji hupenya taratibu katika udongo, nayo yanapokauka kwa nje huondoka na joto. Lakini lingetugharimu robo saa, tukaona heri kuiokoa robo saa. Mvulana yule hajainua mkono tena.

Mtoto wa namna hiyo tutamtayarishaje kwa vyuo vya mbali? Kifaransa na Kiingereza atajifunza, na hesabu pia, kwani bila hizo hawezi kuyasoma yaliyoandikwa na wengine. Lakini kupima, kuandika alichopima, na kurudia siku ya pili ili kuona kama alidanganyika, hayo huanzia nyumbani na darasani, kwa daftari na kalamu. Nanyi akina mama, mtoto akiwauliza kwa nini kifuniko cha sufuria kinarukaruka, msimfukuze jikoni.

Juma lililopita tulinunua kipimajoto kimoja sokoni. Tumemwomba mvulana yule alete mtungi wa mama yake Jumatatu; ndoo tutaitoa sisi. Hakujibu neno, ila alituuliza kama kipimajoto hicho kinaweza kuzamishwa majini.