Kupamba Nyumba, Chumba kwa Chumba

Somo letu la leo ni juu ya kupamba nyumba. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne haya: usafi, hewa, nuru, pambo. Yaandike moja chini ya jingine, kwa mpango huo huo, kwani mpango huo ndio somo lenyewe.

Watu wengi wakisikia neno "kupamba" hufikiri dukani. Hufikiri makochi, mapazia ya bei kubwa na maua ya plastiki. Basi mtu asiye na fedha husema, "Somo hili si langu." Sivyo, ndugu yangu. Pambo ni neno la nne ubaoni, wala si la kwanza. Ukilitanguliza pambo ukaacha usafi, hewa na nuru, nyumba yako itakuwa kama ile methali yetu: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tena liko jambo linalowahusu hasa ninyi mnaojifunza kusoma. Mtu hujifunza herufi darasani, lakini huzizoea nyumbani. Nyumba ikiwa na giza, kitabu hufungwa, na baada ya miezi michache herufi husahauliwa. Kwa hiyo fanyeni jaribio hili kesho. Saa nane mchana, simama katikati ya chumba chako na kitabu mkononi, mlango ukiwa umefungwa na dirisha limefunguliwa. Je, waweza kusoma bila kukaza macho? Ukiweza, vema. Usipoweza, sikiliza somo hili mpaka mwisho.

Tuanze na wazee wetu. Katika mji wa Lamu ziko nyumba za mawe zilizojengwa karne ya 18, na nyingine bado zakaliwa hata leo. Mwaka 2001 shirika la UNESCO liliutia mji huo wa kale katika orodha ya urithi wa dunia. Dari za nyumba hizo zimechukuliwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko si ndefu sana, basi vyumba vyake ni vyembamba, ingawa urefu waweza kuwa mkubwa. Chumba chembamba kisicho na madirisha mengi chaweza kuwa na giza. Wazee walifanyaje? Walipaka kuta lipu ya chokaa nyeupe, na vyumba vikapata nuru yake kutoka uani, mahali palipo wazi juu. Na katika ukuta wa chumba cha ndani walitengeneza safu za vidaka, au zidaka kama wasemavyo watu wa Lamu. Ndani yake waliweka sahani na vyombo vya thamani. Tazameni hekima hiyo: kidaka ni pambo, tena ni kabati, wala hakili nafasi ya sakafu. Kitu kimoja, kazi mbili. Kumbukeni maneno hayo, tutayatumia katika kila chumba.

Sasa tuingie sebuleni, mahali pa kupokelea wageni. Jambo la kwanza hapa ni rangi ya ukuta. Ukuta mweupe hurudisha karibu sehemu nne katika tano za nuru inayoupiga. Ukuta mweusi wa masizi huimeza karibu yote. Maana yake ni kwamba ndoo moja ya chokaa yaweza kukusaidia kama dirisha jingine, nawe hukubomoa ukuta.

Chokaa hupakwa hivi. Nunua chokaa iliyokwisha kuzimwa, ile ya unga. Chokaa ambayo haijazimwa huchemka kwa nguvu ikikutana na maji, nayo yaweza kuunguza ngozi na kupofusha macho. Koroga unga huo na maji mpaka uwe kama maziwa mazito, kisha uchuje kwa kitambaa. Wengi hutia chumvi kidogo ili ishike vizuri. Fagia ukuta, ziba nyufa, halafu ulowanishe kidogo kwa maji. Paka safu nyembamba, iache ikauke, upake ya pili, na ikibidi ya tatu. Safu moja nene hubanduka. Safu tatu nyembamba hukaa. Jilinde macho, na watoto wasiwe karibu.

Sehemu ya chini ya ukuta, kiasi cha mita moja kutoka sakafuni, huchafuliwa na mikono, migongo na viti. Ndiyo sababu mnaona nyumba nyingi zimepakwa rangi nzito chini na nyeupe juu. Desturi hiyo ni nzuri. Ifuateni.

Kama utatumia rangi ya mafuta badala ya chokaa, yafaa ujue hatari moja. Baadhi ya rangi, hasa za zamani na zile za njano na nyekundu kali, zilitiwa madini ya risasi. Rangi hiyo ikibanduka, mtoto huokota vipande akavitia kinywani, au huvuta vumbi lake. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, naye huona taabu kujifunza. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo soma maandishi ya mkebe kabla ya kulipa, utafute rangi iliyoandikwa kuwa haina risasi. Hapo mtaona faida ya kujua kusoma! Na ukibandua rangi ya zamani, ilowanishe kwanza ili vumbi lisiruke, kisha pangusa sakafu kwa kitambaa kibichi.

Viti navyo visizibe njia. Mgeni apite toka mlangoni mpaka kitini bila kuruka miguu ya wenziwe. Sakafuni, mkeka wa ukindu wapendeza, hasa ukiwa na mistari ya rangi. Lakini mkeka hukusanya vumbi na wadudu, basi kila juma utoe nje, uukung'ute, uuanike. Vitambaa vya kufuma juu ya viti ni vizuri pia, maana huzuia mafuta ya nywele yasiharibu kiti. Kumbe navyo ni kitu kimoja chenye kazi mbili. Picha moja au mbili zatosha ukutani, zikiwa sawa na macho ya mtu aliyesimama. Ukuta uliojaa kalenda za miaka iliyopita si pambo, ni ghala.

Tuingie chumba cha kulala. Pambo kubwa la chumba hiki ni chandarua. Msicheke. Mbu waenezao malaria huuma zaidi usiku, wakati tumelala. Basi panga chumba chote kwa kukifuata chandarua: weka kwanza kitanda mahali ambapo chandarua chaweza kufungwa pembe zote nne, na kuchomekwa vizuri chini ya godoro. Mengine yatafuata. Chandarua chenye dawa kifuliwe kwa upole, kianikwe kivulini, kwani jua kali hupunguza nguvu ya dawa. Mchana kikunje juu vizuri, nacho kitapendeza kama pazia la harusi.

Pazia la dirisha laweza kuwa kanga. Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyo sawa, na kila kipande ni kama mita moja na nusu kwa urefu. Doti moja yatosha dirisha la kawaida, kipande huku na kipande huku. Lakini kanga ina maandishi, nayo huitwa jina la kanga. Lisome jina kabla ya kununua. Jina la kumpiga kijembe jirani, likining'inia dirishani mchana kutwa, laweza kuleta ugomvi usioutaka. Chagua jina la baraka au la upendo. Na pazia lisiwe karibu na taa ya mafuta au mshumaa. Upepo mmoja tu watosha kuleta moto.

Nasema neno moja zaidi juu ya chumba cha kulala, nanyi liandikeni katika daftari zenu. Usiingize jiko la mkaa chumbani mnamolala, hata kama ni baridi, hata kama makaa hayatoi moshi tena. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haisikii. Familia nzima yaweza kulala usiku isiamke asubuhi. Ukihitaji joto, ongeza blanketi.

Sasa mahali pa kusomea. Si lazima kiwe chumba peke yake. Pembe moja ya sebule yatosha. Weka meza ndogo karibu na dirisha, ili nuru iingie kwa upande wa kushoto wa mwenye kuandika kwa mkono wa kulia. Hivyo kivuli cha mkono hakitaanguka juu ya maneno. Anayeandika kwa mkono wa kushoto, na apate nuru kutoka kulia. Sanduku la mbao likilazwa ubavu laweza kuwa rafu ya vitabu. Lipige msasa, ulipake rangi, nalo litapendeza. Mtoto aonapo kitabu kimewekewa mahali pake, hujua kwamba nyumbani kwao kitabu kina heshima.

Je, dirisha lako lina ukubwa gani? Wajenzi wengi hutumia kipimo hiki: eneo la dirisha lisipungue sehemu moja katika kumi ya eneo la sakafu. Tufanye hesabu. Chumba cha mita 3 kwa mita 3 kina eneo la mita za mraba 9. Sehemu moja katika kumi ni mita za mraba 0.9. Dirisha la upana wa sentimita 90 na urefu wa sentimita 100 latosha. Pimeni madirisha yenu, mlete hesabu darasani.

Mwisho twende jikoni. Watu wengi hupamba sebule kwa ajili ya mgeni anayekaa saa moja, wakaliacha jiko, ambapo mama hukaa saa nyingi kila siku, na mtoto mgongoni. Hilo si haki. Tena ni hatari. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, hasa moshi wa kupikia. Katika hao, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Basi pambo la jiko lianze na njia ya moshi. Fungua dirisha mkabala wa mlango, ili hewa ipite moja kwa moja. Acha nafasi juu ya ukuta, chini ya paa, kwani moshi hupanda. Tumia kuni kavu. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi na moto mdogo. Ukiweza kupika uani, au kwa gesi, ni bora zaidi. Kisha paka kuta za jiko chokaa nyeupe. Mtaniuliza, "Bwana, kwa nini kupaka nyeupe mahali pa moshi?" Ni kwa sababu ukuta mweupe ni shahidi. Ukiona umekuwa mweusi baada ya majuma machache, ujue masizi yaliyoupata ukuta yamelipata na pua la mpishi. Hapo usiongeze chokaa tu. Ongeza njia ya moshi.

Weka kichanja au rafu ya vyombo, sufuria zikipangwa kwa ukubwa wake. Mtungi wa maji uwe na kifuniko, na kata yake yenye mpini. Mafuta ya taa yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda, maana mtoto hudhani ni kinywaji.

Mabibi na mabwana, msijaribu kufanya yote kwa siku moja. Juma la kwanza toeni vitu visivyotumika, mfagie mpaka pembeni. Juma la pili fungueni njia za hewa na moshi. Juma la tatu pakeni chokaa. Juma la nne ndipo mfikiri juu ya mapazia, vitambaa na picha. Atakayefuata mpango huo atashangaa kuona kwamba alipofika kwenye pambo, nyumba ilikuwa tayari imependeza.

Maswali ya kujibu katika daftari:

1. Kwa nini neno "pambo" limeandikwa la mwisho ubaoni?
2. Vidaka vya nyumba za Lamu vilifanya kazi gani mbili? Taja kitu kimoja nyumbani kwako chenye kazi mbili.
3. Chumba kina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3. Dirisha lake lisipungue eneo gani?
4. Kwa nini jiko la mkaa halifai chumbani?
5. Andika jina la kanga moja iliyo nyumbani kwako, na maana yake.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.