Santuri Iliyopewa Jina la Mama

Katika nyumba nyingi mtoto akifiwa na mama angali mdogo, wakubwa hunyamaza. Jina la marehemu halitajwi tena mbele yake. Hudhani kwamba kwa kunyamaza wamemwondolea mtoto uchungu. Leo nataka kuwasimulia habari za mtoto mmoja wa namna hiyo, wa mji wa Bristol, Uingereza. Alipokuwa mtu mzima alilitoa jina la mama yake hadharani, akaliandika juu ya santuri, likasomwa na watu wa nchi nyingi.

Jina lake la nyumbani ni Adrian Thaws, lakini wapenda muziki humwita Tricky. Alizaliwa mwaka 1968, akakulia Knowle West, mtaa wa watu wenye hali ya chini. Baba yake, mtu wa asili ya Jamaika, hakumlea. Mama yake, Maxine Quaye, alifariki mtoto akiwa na miaka 4 tu. Basi akalelewa na bibi yake na jamaa wengine. Mwenyewe amesimulia kwamba bibi alikuwa akimkalisha sebuleni, sigara mkononi, santuri ya Billie Holiday ikilia, akimtazama tu. Sababu ni kwamba sura ya mjukuu ilikuwa ile ile ya mama yake. Fikiri, msomaji: mtoto anatazamwa, kumbe anayetafutwa usoni mwake ni mtu mwingine!

Bristol ni mji wa bandari. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu wengi wa Jamaika walihamia huko, wakaja na muziki wao na desturi ya kuupiga kwa vipaza sauti vikubwa penye karamu. Vijana wa mji, weusi kwa weupe, wakauchanganya na hip hop ya Marekani. Kundi moja la vijana hao, Massive Attack, lilitoa santuri yake ya kwanza mwaka 1991, na Tricky alikuwa mmoja wa waliotia sauti zao humo. Mwaka 1994 gazeti moja la Uingereza liliuita muziki wa namna hiyo "trip hop". Tricky mwenyewe hakulipenda jina hilo, lakini limeshika mpaka leo.

Je, muziki huo hutengenezwaje? Ngoma zake huenda polepole, na besi ni nzito. Mtengenezaji huchukua kipande kidogo cha santuri ya zamani, akakinasa katika mashine, akakirudia-rudia mpaka kiwe msingi wa wimbo mpya. Kwa mfano, Isaac Hayes wa Marekani alitoa wimbo mmoja mwaka 1971. Tricky alikata kipande chake akakijengea wimbo, na kundi la Portishead, nalo pia la Bristol, likakata kipande kile kile likajenga wimbo wake. Kitambaa kimoja, mafundi wawili, nguo mbili.

Santuri ninayoisema ilitoka Februari 1995, ina nyimbo 12, na jina lake ni "Maxinquaye". Soma polepole utaona: ni Maxine na Quaye, majina ya mama yaliyounganishwa kuwa neno moja. Katika kuitengeneza alisaidiwa na fundi mmoja, Mark Saunders. Fundi huyo amesimulia kwamba Tricky alikuwa akimpa vipande viwili vya santuri, kila kimoja na mwendo wake na sauti yake, akitaka vikae pamoja. Yeye hakuzijua kanuni za muziki, kwa hiyo hakuogopa kuzivunja.

Sasa tufike kwenye kiini cha habari. Tricky ana ugonjwa wa pumu tangu utotoni, na sauti yake ni ya mkwaruzo, karibu na kunong'ona. Hata hivyo angeweza kuyasema maneno yake yote mwenyewe, maana ndiye aliyeandika mengi. Lakini aliwaita wageni. Mkubwa wao ni Martina Topley-Bird, ambaye Tricky alimkuta Bristol ameketi juu ya ukuta karibu na nyumba aliyokaa, angali msichana wa shule. Martina ndiye anayeimba nyimbo nyingi, na mara nyingi sauti yake ilinaswa pale pale, bila mazoezi. Alison Goldfrapp anaimba wimbo mmoja, na Ragga, mwanamke wa Iceland, mwingine. Nyuma yao Tricky ananong'ona maneno yale yale, kama kivuli kimfuatacho mtu.

Kwa nini wanawake? Yeye mwenyewe ameeleza kwamba mama yake aliandika mashairi, lakini wakati wake hakuwa na njia ya kuyafikisha kwa watu. Naye kila akishika kalamu hujiona anaandika kama mwanamke, kana kwamba kipaji ni cha mama, na mwana ni chombo tu cha kukipitisha. Kwa hiyo alimhitaji mwanamke wa kuyaimba maneno hayo. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sauti ya mama hakuweza kuirudisha, lakini aliweza kuwakaribisha wageni waseme mahali pake.

Watu waliipokea vizuri. Ilifika nafasi ya 3 katika orodha ya santuri zilizouzwa sana Uingereza, na gazeti la NME likaihesabu kuwa ya kwanza kwa mwaka 1995. Iliteuliwa pia kugombea tuzo ya Mercury ya mwaka huo, ila tuzo ikaenda kwa Portishead, majirani zake. Mwaka 2023 Tricky aliitoa upya, akizigeuza baadhi ya nyimbo.

Sitawaficha jambo moja: hii si santuri ya kuwapigia watoto. Maneno yake mengine ni makali, na kuna giza ndani yake. Lakini ndivyo ulivyo uchungu uliokaa kifuani miaka mingi. Hautoki umevaa nguo za sikukuu.

Basi, msomaji, ikiwa nyumbani kwako yupo mtoto aliyeachwa na mama yake, usingoje akue ndipo amtafute peke yake. Usimtazame tu usoni ukanyamaza. Mwite, umketishe, umwambie jina la mama yake, alipenda nini, alicheka namna gani, aliimba wimbo gani akitwanga. Maneno hayo ni mali yake. Wewe umewekewa tu.