Siku Tatu za Mwisho za Likizo Ndefu

Sisi wa Kenya hatuna majira ya joto kama ya Ulaya, ambako watoto hufunga shule katikati ya mwaka na kukimbilia pwani. Likizo yetu kubwa ni ile ya Novemba na Desemba, mvua za vuli zinapokwisha. Lakini iko likizo moja ambayo wazazi wa mtaa wa Umoja, mashariki ya Nairobi, hawataisahau upesi, kwani ilianza Machi ikamalizika Januari.

Tarehe 15 Machi, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba shule zifungwe kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Watoto walishangilia, wakidhani ni majuma mawili matatu. Mwezi wa Julai Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, akaarifu kwamba mwaka huo wa masomo umepotea. Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 waliitwa tarehe 12 Oktoba. Wengine wote wakaambiwa wangoje hadi Jumatatu, tarehe 4 Januari, 2021. Ukihesabu, msomaji, utaona ni majuma 42 kamili.

Na Umoja si mahali pepesi pa kumfungia mtoto. Mtaa huu ulianza kujengwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo uliodhaminiwa na Marekani: nyumba ndogo ndogo, kila moja na kiwanja chake ili mwenyewe aongeze vyumba kadiri ya uwezo wake. Wenyewe wakaongeza kwelikweli, ila kwa kwenda juu! Leo ghorofa zimesimama bega kwa bega, na mahali pa kuchezea ni njiani au juu ya paa, kati ya kamba za nguo.

Katika ghorofa moja ya namna hiyo ilikaa jamaa ninayoijua vyema. Baba ni karani wa ghala katika Eneo la Viwanda, ambaye mshahara wake ulikuwa umekatwa nusu tangu Mei. Bibi yake aliuza mboga katika soko la Mutindwa. Watoto ni watatu: kijana wa Kidato cha 2 katika shule ya bweni, binti wa Darasa la 7, na mdogo wa Gredi ya 2, ambaye alikuwa karibu amesahau kushika kalamu. Yule binti ndiye aliyewapa mashaka. Shule yake, ndogo ya kulipia, ilikuwa imefungwa kabisa. Mwenye nyumba alipangisha madarasa kwa watu. Majuma kadhaa baba yake alizunguka akitafuta nafasi katika shule ya Serikali, hata Desemba akaipata.

Basi Ijumaa, siku ya Mwaka Mpya, waliamua kufurahi kana kwamba hakuna deni. Mama alipika chapati tangu asubuhi, na majirani wa ngazi ile wakaleta chai na nyama kidogo. Juu ya paa wasichana walicheza kati, wawili wakirusha mpira na mmoja akikwepa katikati. Wavulana walisuka mpira wa matambara na uzi, kwa kuwa ile mifuko ya plastiki tuliyotumia sisi utotoni ilipigwa marufuku mwaka wa 2017. Baba mwenyewe alivua viatu akacheza, akaanguka, akachekwa na ngazi nzima. Nadhani alikuwa hajacheka hivyo tangu Machi. Saa nne usiku ilipokaribia kila mtu aliingia ndani, maana amri ya kutotembea usiku ilikuwa bado kazini.

Jumamosi ilikuwa siku ya pesa kutoka. Walikwenda Kamukunji, kwa wale mafundi wanaogonga bati mchana kutwa, wakamnunulia kijana sanduku. Gikomba wakapata viatu vya mtumba vya yule mdogo. Sare mpya ya binti ilimaliza zilizobaki, na barakoa, mbili kwa kila mtoto, zikashonwa na mama kwa kitambaa cha nyumbani.

Jumapili walikatwa nywele, nguo zikapigwa pasi, vitabu vikavishwa karatasi ya gazeti. Jioni binti alisimama mbele ya kioo katika sare yake, akauliza:

"Baba, wakinicheka kwa kuwa mgeni?"

"Watakucheka kesho, mama. Kesho kutwa watakuomba kalamu."

Mama hakusema neno. Alikuwa akipunguza upindo wa sketi, na kazi ile ilimchukua muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Jumatatu kijana alitoka alfajiri na sanduku lake kuelekea stendi ya mabasi ya Machakos. Binti alipimwa joto langoni, akanawa mikono, akaingia. Agizo lilisema wanafunzi wakae mbali mbali, lakini darasa lilijaa, na yeye akawekwa wa tatu katika dawati moja. Mwalimu alipouliza ni nani waliotoka shule nyingine, wote watatu wa dawati lile waliinua mikono.

Alirudi nyumbani saa kumi, akaomba kalamu mbili za akiba.