Vijana wa Mteremko wa Bugarama na Taji la Dunia

Ndugu askari na polisi, ninyi mnaolinda barabara ya Bugarama tangu alfajiri mnawajua vijana hawa kuliko sisi. Hushuka kuelekea Bujumbura na mikungu ya ndizi au magunia ya makaa nyuma ya baiskeli. Breki hazitoshi kuuzuia mzigo ule, na wengine hukanyaga gurudumu kwa soli ya kiatu. Wakisha kuuza, hung'ang'ania nyuma ya malori ili wavutwe kurudi mlimani. Wako waliopoteza maisha katika njia hiyo.

Tumewakumbuka kwa sababu ya jambo kubwa lililotokea katika nchi jirani. Kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, mji wa Kigali, Rwanda, ulipokea mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli barabarani. Hayo yalikuwa ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Wengi walimtazama Tadej Pogačar wa Slovenia, aliyetwaa taji la wakubwa. Sisi tuliwaangalia zaidi chipukizi, wavulana na wasichana wa miaka 17 na 18. Harry Hudson wa Uingereza alishinda mbio za wavulana za kilomita 119 hivi, na Paula Ostiz wa Hispania akashinda za wasichana za kilomita 74.

Mbio hizo zilikuwa za kuzunguka. Mlima wa Kimihurura, wenye barabara ya mawe, hauzidi kilomita moja na nusu, lakini kila mzunguko ulimrudisha mshindani chini yake aukwee upya. Basi tulinganishe na kwetu. Ziwa Tanganyika liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Bugarama iko juu ya mita 2,000, na kati yake na Bujumbura ni mwendo wa kilomita 35 hivi. Ni dhahiri kwamba hatukupungukiwa na milima, wala na miguu.

Tulichopungukiwa ni malezi ya miguu hiyo. Kijana wa Kigali alifundishwa kugawa nguvu zake, alivaa kofia ya kinga, na breki zake zilikaguliwa. Barabara ilifungwa kwa ajili yake, na nyuma yake yalifuata magari ya mafundi na waganga. Kijana wa Bugarama ana ushujaa ule ule, lakini yuko peke yake kati ya lori na korongo.

Wala taji la ujana si mchezo wa kitoto. Remco Evenepoel wa Ubelgiji alikuwa bingwa wa chipukizi huko Innsbruck mwaka 2018. Mwaka 2025 alishinda Kigali mbio za wakubwa za kushindana na saa. Biniam Girmay wa Eritrea alikuwa wa pili kati ya vijana wa chini ya miaka 23 huko Leuven mwaka 2021, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata medali katika mashindano hayo. Mwaka 2024 alivaa fulana ya kijani ya Tour de France hadi mwisho wa mbio huko Nice. Nasi Warundi tunajua kwamba nchi ndogo huweza: Vénuste Niyongabo alituletea dhahabu ya Olimpiki katika mita 5,000, Atlanta, mwaka 1996.

Mwezi Machi 2022 baiskeli zilipigwa marufuku kuingia katikati ya Bujumbura kwa sababu ya ajali. Amri hiyo ilikuwa na sababu yake. Lakini kumwondoa kijana barabarani ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumfundisha. Hapo ndipo tunapowategemea ninyi. Askari ajua kwamba nguvu bila nidhamu humwangusha mwenyewe. Mmwonapo kijana ameshika lori, mshusheni kwa ukali wa mzazi. Kisha mtazameni breki zake, mwambieni maneno mawili ya kumfaa. Na siku barabara ile itakapofungwa kwa asubuhi moja ili vijana washindane, ni filimbi zenu zitakazoilinda.

Wazee walisema, udongo uwahi ungali maji. Mteremko wa Bugarama umekwisha kutuzika vijana; hauna budi sasa kutulelea mabingwa.