KAMPANI YA RANGI YA MJI WA BASEL

Mtu anunuapo kitambaa dukani hutazama rangi yake, tena huuliza kama itachuja. Wachache huuliza rangi hiyo ilitoka wapi. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za kampani moja ya Uswisi iliyoanza kwa rangi, na msiba ulioipata.

Zamani rangi za nguo zilitoka katika mimea, kama nili. Mwaka 1856 kijana Mwingereza, William Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, asiipate. Badala yake akapata rangi ya zambarau kwa dawa itokayo katika lami ya makaa ya mawe. Tangu hapo viwanda vya rangi vilizidi Ulaya. Basel ulikuwa mji wa wafumaji wa tepe za hariri, nao uko kando ya mto Rhine; basi wanunuzi walikuwapo, na maji yalikuwapo.

Mwaka 1886 Alfred Kern, mjuzi wa kemia, na Edouard Sandoz, mfanya biashara, walianzisha kiwanda chao huko. Kern alifariki mwaka 1893, lakini kazi haikufa. Mwaka 1917 kampani ya Sandoz ilianza idara ya dawa za wagonjwa, chini ya Arthur Stoll.

Hapa yafaa tueleze jambo moja. Ziko kemikali ziuzwazo kwa tani nyingi, kama magadi, nazo bei yake hufuata uzito. Ziko nyingine za kazi maalum: kushikisha rangi katika nguo, kulainisha ngozi, kuzuia plastiki isishike moto upesi. Hizi ni kama hamira: ni kidogo kuliko unga, lakini bila hamira mkate hauumuki. Biashara ya namna hii ndiyo iliyoikuza Sandoz.

Hata usiku wa tarehe 1 Novemba, 1986, ghala ya kampani hiyo iliyoko Schweizerhalle, karibu na Basel, ilishika moto. Ndani yake mlikuwa na tani zaidi ya 1,000 za kemikali, nyingi zikiwa dawa za kuua wadudu. Ving'ora vililia, watu wakaambiwa wafunge madirisha wasitoke nje. Wazima moto walimwaga maji mengi, na moto ukazimika. Lakini maji yale yaliingia mtoni pamoja na sumu. Rhine ukawa mwekundu kwa rangi iliyokuwamo ghalani, na samaki wakafa kwa wingi, hata mikunga maelfu kwa maelfu. Mto huo hupita Ufaransa na Ujerumani hata Uholanzi. Kwa hiyo kosa la ghala moja likawa taabu ya nchi nyingi.

Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini watu walijifunza. Mwaka 1987 nchi za Rhine zilipatana mpango wa kuusafisha mto, na mwaka 1991 Uswisi ilitoa amri juu ya ajali za viwanda. Mabwawa yalijengwa viwandani ili maji ya kuzimia moto yasifike mtoni.

Mwaka 1995 Sandoz ilitenga idara yake ya kemikali, ikawa kampani mbali, jina lake Clariant, yenye makao Muttenz, katika wilaya ile ile ya ghala iliyoungua. Mwaka 1997 Clariant ilinunua kemikali maalum za kampani ya Hoechst ya Ujerumani, na mwaka 2011 ikanunua Süd-Chemie. Kisha ilianza kuuza: mwaka 2013 biashara ya dawa za nguo, na mwaka 2022 biashara ya rangi za unga. Hivyo mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya rangi aliiacha kazi ya babu yake.

Sisi twaona fundisho lililo kubwa ni lile la ghala. Wakuu wa vijiji na waalimu watazame dawa za mashamba zawekwa wapi. Zikiwa karibu na kisima au kijito, zihamishwe leo, maana aliye chini ya mto hunywa alichomwaga aliye juu.