Mkoba wa leba: Nini kiingie na nini kibaki nyumbani kwa mama wa Muheza

Saa nane usiku, mvua inanyesha, uchungu umeanza. Mume anatafuta tochi. Mama mkwe anapekua sanduku kutafuta khanga safi. Kadi ya kliniki haijulikani iko wapi, na mwenye bodaboda yuko nje anapiga honi. Nusu saa inapita hivi hivi.

Kwa mjamzito anayeishi Muheza mjini, nusu saa hiyo huenda isiwe na madhara makubwa. Kwa anayeshuka kutoka Amani ni habari nyingine. Huko ni zaidi ya kilometa 30 za barabara ya mlimani, kona juu ya kona, na masika ikichanganya, utelezi wake wanaujua waliowahi kusukuma gari pale.

Ndiyo maana mkoba wa kwenda kujifungulia si suala la nguo nzuri za mtoto. Ni suala la muda.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba wajawazito hufa kwa kuchelewa mara tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kupata huduma baada ya kufika. Mkoba uliofungwa mapema unagusa yote matatu. Hakuna cha kutafuta, nauli ipo, na nesi anapewa kadi mlangoni badala ya kuanza kuuliza historia ya mtu anayelia kwa uchungu.

Tanzania imepiga hatua. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Wanaojifungulia kwenye vituo vya afya walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Bado kuna wanaozalia nyumbani au njiani, na wengine wao walikuwa na nia kabisa ya kwenda hospitali.

Uanze kufungwa lini?

Wiki ya 32 mpaka ya 36 ni wakati mzuri. Kusubiri mwezi wa tisa ni kubahatisha, maana mtoto hasomi kalenda.

Hapo ndipo linapokuja jambo ambalo vipeperushi vingi hulipita kimya kimya. Pwani yote ya Tanga wapo wazee wasiotaka kuona nguo za mtoto zikinunuliwa kabla hajazaliwa. Ni uchuro, wanasema, unamchuria mtoto. Mama mdogo hawezi kubishana na bibi kwa hilo, na hana haja.

Njia ya kati ipo. Mtoto akizaliwa hahitaji suti ya dukani. Anahitaji kitambaa safi, kikavu na chepesi kufyonza maji, na khanga kuukuu za mama mwenyewe zilizofuliwa, zikaanikwa juani na kupigwa pasi zinafanya kazi hiyo vizuri kuliko nguo nyingi mpya. Khanga za mama si nguo za mtoto. Bibi haoni uchuro, na mkoba umekamilika. Kofia na soksi zinaweza kununuliwa siku ya pili.

Kadi kwanza

Kitu cha kwanza kuingia ni kadi ya kliniki. Kwenye kadi hiyo kuna kundi la damu, wingi wa damu, presha ya kila hudhurio, majibu ya kaswende na VVU, chanjo ya pepopunda na mimba zilizotangulia. Mama aliyewahi kufanyiwa upasuaji, au aliyemwaga damu nyingi uzazi uliopita, maelezo yake yako humo. Akifika hajiwezi, kadi inamsemea.

Ikae kwenye mfuko wa nje, ndani ya nailoni isilowe. Pamoja nayo ziwekwe kadi ya bima kama ipo na kitambulisho. Majina kamili ya baba na mama yaandikwe mahali yasomeke vizuri, kwa sababu ndiyo yatakayoingia kwenye tangazo la kizazi. Herufi moja ikikosewa hapo, kuirekebisha baadaye ni mzunguko.

Anayetumia dawa za presha, kisukari au ARV azibebe zote. Hili husahaulika sana.

Vya leba

Kwa sera ya serikali, huduma za uzazi kwenye vituo vya umma hazilipiwi. Hata hivyo kwenye vituo vingi nchini mjamzito huambiwa aje na baadhi ya vifaa, hasa bohari ikiwa tupu: glovu, pamba, wembe mpya, vibana kitovu, mpira wa kutandika kitandani, beseni na ndoo.

Orodha hutofautiana kituo kwa kituo. Ya jirani aliyejifungulia Tanga mjini isichukuliwe kama ilivyo. Mjamzito aulize kliniki anakohudhuria, iwe zahanati ya kijijini au Hospitali Teule, ile ya Dayosisi ya Anglikana ya Tanga ambayo wilaya nzima huiita Teule tu. Aulize mapema, wakati bado kuna nafasi ya kununua kidogo kidogo. Wenye mashamba wanajua namna ya kufanya hivyo: hela ya machungwa ikiingia, glovu na pamba zinanunuliwa kabla ya kitu kingine.

Vifaa hivi vibaki kwenye pakiti zake. Glovu iliyofunguliwa ili kuangaliwa si safi tena, na wembe ni ule ambao haujawahi kufunguliwa.

Joto la mtoto

Hapa ndipo khanga zinapofanya kazi kubwa. Mtoto hutoka amelowa, kutoka tumboni penye joto, na anapoteza joto haraka, hasa kupitia kichwani. Joto lake linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka, ananyonya kwa shida na anapata ugonjwa kirahisi. Muheza mjini joto la pwani linadanganya watu kwamba mtoto hawezi kupata baridi. Kumbe anaweza, na Amani, mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku wake si wa mchezo.

Kwa hiyo khanga moja ni ya kumpangusia, ikilowa inawekwa kando. Ya pili kavu ni ya kumfunika akiwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Ya tatu ni akiba. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe mpaka zipite angalau saa 24, kwa hiyo sabuni ya mtoto na taulo lake havina haraka.

Mama naye anahitaji khanga zake: ya kujifunga, ya kutandika, na ya kubadilisha. Zaidi ya hizo abebe pedi kubwa za wazazi, au vitambaa vya pamba vilivyokatwa na kukaushwa juani. Vya rangi isiyokolea vinafaa zaidi kwa sababu damu inaonekana. Pedi ikilowa chepechepe ndani ya saa moja au chini yake, nesi aitwe papo hapo. Kutoka damu nyingi baada ya kujifungua huua haraka, na wakati mwingine wa kwanza kugundua ni yule aliyekaa kando ya kitanda.

Vingine ni vya kawaida: ndala, sabuni, mswaki, gauni linalofunguka mbele, kikombe, chupa ya chai. Uji mwepesi unasaidia uchungu ukiwa mrefu. Simu iwe na chaji na vocha.

Visivyotakiwa

Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu zisiingie mkobani, hata zikitoka kwa mtu anayeheshimika. Hakuna anayeweza kupima nguvu yake. Kizazi kinaweza kubana kupita kiasi, mtoto akakosa hewa, na kizazi chenyewe kikapasuka. Hospitali wana dawa ya uchungu wanayoiingiza tone kwa tone huku wakisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Mama akiwa ameshakunywa nyingine nyumbani na hakusema, mkunga anafanya kazi gizani. Aliyekunywa aseme, hata kama atagombezwa.

Maziwa ya kopo na chupa ya kunyonyeshea navyo vibaki dukani. Mtoto anatakiwa kuanza kunyonya ndani ya saa moja, na yale maziwa mazito ya njano ya mwanzo, ambayo wengine huyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu, ndiyo yenye kinga. Mafuta, poda na chochote cha kupaka kitovuni havitakiwi. Wanja usubiri. Dhahabu ya harusi ibaki kwa bibi.

Watu nao ni sehemu ya mkoba

Orodha nyingi huishia kwenye vitu. Lakini mkoba wa maana una karatasi yenye majina na namba za simu: atakayemsindikiza mama, atakayebaki na watoto wengine, dereva wa kwanza na wa pili, na ndugu wawili waliokubali kutoa damu. Dereva wa pili ni lazima, kwa sababu boda wa kwanza atakuwa na abiria siku hiyo hiyo.

Nauli iwekwe kwenye bahasha yake, isiguswe hata unga ukiisha. Iongezwe kidogo kwa ajili ya rufaa, maana kesi ngumu hupelekwa Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopo Tanga mjini, na familia itahitaji kufuata.

Dharura ikitokea kuna namba 115, haitozwi. Ni ya mfumo wa m-mama uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022, unaotafuta gari la wagonjwa, au dereva wa jamii aliyeandikishwa pale ambapo gari hilo halipo karibu. Iandikwe kwenye karatasi ile na ibandikwe pia ukutani, kwani aliyeshika simu usiku huo huenda akawa kijana wa miaka 13.

Mkoba ukiwa hauko tayari

Damu ikitoka, kichwa kikiuma sana huku macho yanaona ukungu, degedege, homa kali, chupa ikipasuka, au mtoto akiacha kucheza tumboni: safari ianze hapo hapo. Mkoba upo au haupo. Mtu mwingine ataufuatisha. Kurudi ndani kutafuta beseni kwa mama anayetoka damu ni kupoteza kile ambacho mkoba ulifungwa kukiokoa.

Kuhusu mfuko wenyewe, shangazi kaja linatosha kabisa. Linabeba vingi, linafunga zipu na halipotei machoni. Likae nyuma ya mlango, mahali ambapo kila mtu nyumbani anapajua, na watoto waambiwe si la kuchezea. Ndani libaki na khanga moja kavu isiyoguswa mpaka mwisho, ya kumfunikia mtoto siku ya kurudi. Mama na mtoto wanatakiwa kukaa kituoni angalau saa 24 baada ya kujifungua salama, na kwa wa Amani, baada ya hapo bado kuna ile barabara ya kupanda.