Picha ya Picasso kwa dola tano

Mwanzoni mwa muhula, wanafunzi wa Chuo cha Oberlin, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, hubeba mablanketi na mifuko ya kulalia wakaenda kulala nje, kwenye ua wa makumbusho ya chuo chao. Hawasubiri tiketi za tamasha wala simu mpya. Wanasubiri kupambazuke, mlango ufunguliwe, wapewe picha ya kwenda kutundika chumbani bwenini.

Si picha ya kalenda. Ni kazi halisi za wasanii, na miongoni mwake zimo za Picasso na za Andy Warhol, ambazo kwingine ungeziona kwa mbali huku mlinzi akikutazama wewe. Mwanafunzi analipa dola tano kwa kila picha, haruhusiwi zaidi ya mbili, kisha anakwenda nayo zake. Muhula ukiisha anairudisha.

Mzazi mwenzangu, mimi wanangu siwaachii hata rimoti. Habari hii nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni utani.

Aliyeanzisha utaratibu huo mwaka 1940 ni Ellen Johnson, mwanamke aliyekuwa mkutubi wa vitabu vya sanaa chuoni hapo na baadaye akawa profesa. Aliona kwamba mtu akiitazama picha dakika mbili ndani ya makumbusho, akaondoka, hajaiona. Lakini akiamka nayo asubuhi, akavaa viatu mbele yake, akarudi kutoka kwenye mtihani mgumu akaikuta palepale, ikifika wiki ya sita anagundua kitu kwenye kona ya chini ambacho hakuwahi kukitambua. Hapo ndipo anaanza kujifunza kuona.

Wengi wanaopanga foleni ile hawasomei sanaa. Wako wa biolojia, wa uchumi, wa muziki. Oberlin ni chuo kidogo, cha wanafunzi takriban elfu tatu, na ni cha aina ambayo huku kwetu hatujaizoea sana: kijana hafungiwi kwenye fani moja tangu siku ya kwanza. Anasoma kemia na historia na uchoraji kwa pamoja, ndipo baadaye achague atakachobobea. Makumbusho yake, yaliyofunguliwa mwaka 1917, yana kazi zaidi ya 15,000, na kuingia ni bure. Nje kwenye majani imelala plagi ya umeme kubwa kama gari, ya chuma na shaba, iliyotengenezwa na Claes Oldenburg mwaka 1970. Plagi! Mtoto wa miaka mitano angeielewa kabla yangu.

Mambo haya yasingenigusa kama si daftari la Kemia la binti yangu.

Yuko kidato cha pili. Mwaka jana mwalimu aliniita shuleni, akanifungulia daftari hilo. Kurasa za mbele zilikuwa na kazi, za nyuma zilikuwa na nyuso: mama muuza maandazi wa getini, konda wa daladala, bibi yake akiwa amesinzia kwenye kiti. Nilijua ni bibi yake kabla sijaambiwa. Hata hivyo nilirudi nyumbani nikamfokea mpaka sauti ikanikauka. Nilimwambia ada silipi ili achore watu. Alinisikiliza, akasema, "Sawa mama," na akaacha. Miezi minne hakuchora hata mstari. Alama za Kemia hazikupanda, ila pale mezani tukila alikuwa hasemi.

Baba yake aliona kabla yangu. Aliniuliza, "Huyu mtoto umemfanya nini?"

Hofu yangu mnaijua, kwa sababu ni yenu pia. Sanaa haileti ugali. Sitawadanganya kwamba Oberlin wamepata dawa ya hilo. Ada ya masomo pale imezidi dola 60,000 kwa mwaka, na mzazi anayelipa kiasi hicho ana haki ya kuuliza mwanawe atakula nini. Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba darasa la kuchora halimfundishi mtoto kuchora tu.

Katika vyuo vya namna hii, mwanafunzi akimaliza kazi anaibandika ukutani, na wenzake wanakaa mbele yake pamoja na mwalimu. Kusema "nzuri" au "mbaya" hakutoshi. Wanasema jicho limekimbilia wapi kwanza, kwa nini mkono umekuwa mzito kuliko uso, mbona nafasi ile imeachwa wazi. Mwenye kazi anasikiliza, mara nyingine bila kuruhusiwa kujitetea, kisha anarudi kuianza upya. Fikiria mtu mzima unayemfahamu anayeweza kukaa kimya dakika ishirini kazi yake ikichambuliwa mbele ya watu, asikasirike, asilie, na kesho aje na iliyo bora zaidi. Mimi namfahamu mmoja tu, na ni fundi cherehani.

Mwaka wa mwisho anaandaa maonyesho. Anaamua zipi zitundikwe na zipi zibaki chini ya kitanda, anapima ukuta, anapigilia misumari, anaandika maelezo mafupi, halafu siku ya ufunguzi anasimama pale watu asiowajua wakipita. Wengine watasimama, wengine watapita kama wanaelekea stendi. Yote mawili atayaona kwa macho yake.

Huku kwetu tuna picha nyingi. Ukienda Morogoro Stores, Oysterbay, utawakuta wachoraji wa Tingatinga wamekaa na rangi zao, na mara nyingi anayetoka na picha mkononi ni mtalii. Sebuleni kwangu mimi kuna kalenda ya benki, picha ya harusi na saa iliyosimama. Watoto wangu wamekulia mbele ya kalenda ya benki. Sikuwahi kuwaza kwamba hilo nalo ni somo.

Likizo ya Juni nilimwita binti yangu nikamwambia ninataka kukodi picha. Alinitazama kama mtu anayetegwa. Nikamweleza habari za Oberlin, foleni ya usiku, dola tano. Nikatoa shilingi elfu tano mezani, nikasema ninaitaka ile ya bibi akiwa amesinzia, kwa muhula mmoja, na kama amechana daftari basi anichoree nyingine.

Hakuwa amechana. Aliichora upya kwenye karatasi kubwa, siku tatu, na bibi mwenyewe alipoletwa kuiona alilalamika kwamba mdomo umeachwa wazi. Binti yangu hakubisha. Aliitazama muda, akasema, "Kweli bibi, ila ndivyo unavyolala."

Kalenda imehamia jikoni. Mkataba wangu unakwisha Desemba, na nimeshauliza kama ninaweza kuongeza muda. Amenijibu kwamba anafikiria, kwa sababu baba yake naye ameonyesha nia, na ametaja elfu kumi.